Jicho la Taifa na Mizabibu ya Shangazi Sechelela

Nchi yetu msiitafute kwenye ramani. Mchora ramani alifika wakati kibali chetu cha kuonekana kilikuwa bado kinasubiri saini, akachoka kungoja, akapita. Hatukumwekea kinyongo. Tuna amani, tuna wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara, na tuna zabibu.

Zabibu ndizo zilizotuponza. Zamani makisio ya mavuno yalikuwa kazi ya mabwana shamba. Bwana shamba aliingia kati ya mistari ya mizabibu, akashika kishada, akakipima kwa kiganja, akaonja punje moja, akatema mbegu, kisha akasema mwaka huu tutapata kiasi fulani. Nasi tulipata kiasi hicho hicho. Jambo hilo liliwaudhi sana viongozi. Utaiongozaje nchi ambayo makisio yake yanatimia? Waziri wa Zabibu na Matumaini alisimama bungeni akasema kwamba kuonja ni mabaki ya ukoloni, na kwamba dunia ya leo haionji, inatazama. Wabunge wakagonga meza mpaka mmoja akateguka mkono.

Basi ikanunuliwa mashine, ikaitwa Jicho la Taifa. Ilikuwa droni yenye kamera. Inaruka juu ya shamba, inapiga picha, picha zinaingia kwenye kompyuta, na kompyuta inasema shamba lina zabibu kiasi gani, zimeiva au bado, na sukari yake ni ya daraja lipi. Hakuna kugusa, hakuna kuonja, hakuna hata kumwamkia mwenye shamba. Mimi, Ndahani, mpigapicha wa wizara, nilipewa heshima ya kuifundisha. Naomba ieleweke mapema kwamba kila nilichofanya nilikifanya kwa mujibu wa maelekezo.

*

"Mashine haifundishwi kwa maneno," alinieleza Injinia Yolamu, kijana aliyesomea ughaibuni na kurudi na koti zito ambalo hakulivua hata kwenye jua la saa saba. "Unaionyesha picha. Hizi zina zabibu, hizi hazina. Yenyewe inatafuta tofauti iko wapi. Ikishaipata, haiiachii tena."

"Injinia, huu ni mwezi wa kupogoa," nikamwambia. "Mizabibu yote imebaki fito. Hakuna zabibu nchi nzima."

"Uzinduzi ni Jumamosi," akanijibu. "Mtukufu anakuja."

Hapo nikaelewa. Kwetu mgeni mkubwa hapokelewi kwa vitu vilivyopo, huo ni utovu wa adabu. Anapokelewa kwa vitu vya kuazima. Lilipozinduliwa josho tuliazima ng'ombe wanene kutoka wilaya ya pili, na ng'ombe wale wamekwisha kuzindua majosho mengi kiasi kwamba wakisikia ngoma wanajipanga mstari wenyewe. Ilipofunguliwa hospitali tuliazima wagonjwa, tena tukachagua wenye meno mazuri, kwa sababu ya picha. Hivyo zabibu nazo zikaletwa kwa lori kutoka nchi ya jirani, zimelazwa kwenye barafu, na kazi ikawa kuzining'iniza kwenye fito kavu za shamba la serikali.

Kamba hatukuwa nazo. Tepe tulikuwa nazo tele. Nchi yetu inakata utepe karibu kila siku ya kazi, na vipande vinavyobaki havitupwi, vinahifadhiwa ghalani kwa kuwa ni historia. Ni tepe za bluu, rangi ya taifa. Nilifunga kwa mikono yangu mwenyewe, kishada kwa kishada, kila kimoja na kifundo chake cha bluu. Kabla ya kufunga nilipiga picha nikaziandika "hazina zabibu". Baada ya kufunga nikapiga tena nikaziandika "zina zabibu". Jumamosi Mtukufu akapita katikati ya mistari, akakishika kishada kimoja, akatokwa na machozi, akasema maishani mwake hajapata kuona mizabibu yenye bidii namna hii, inazaa hata kabla ya kutoa majani. Tukapiga makofi. Alipoondoka tu, kamati ya maandalizi ikazishusha zabibu ikazila, na picha zangu zikapelekwa kuisomesha mashine.

Mashine ilifaulu kwa alama zote. Siku ya majaribio Waziri aliketi mbele ya kamera amevaa tai ya bluu, na kompyuta ikaandika: KISHADA KIMOJA. KIMEIVA. SUKARI NYINGI. Ukumbi mzima ukasimama. Waziri akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasema mashine hii inaona mpaka moyoni. Injinia Yolamu alinitazama, nami nikatoa kitambaa nikaanza kuifuta lenzi ya kamera yangu, ambayo ilikuwa safi.

*

Msimu ukafika, zabibu za kweli zikaja zenyewe bila kuagizwa.

Shangazi yangu Sechelela, dada wa marehemu baba, ana shamba bondeni. Mizabibu ile aliipanda na mumewe enzi za ujana wao, na ndiyo iliyonisomesha mimi hadi nikajua kushika kamera. Mwaka ule ilizaa mpaka nyaya zikapinda na nguzo zikaegemeana. Droni ilipokuja kuzunguka juu yake, shangazi aliipungia mkono akaiuliza kama itakunywa maji.

Majibu yakatoka: ZABIBU: HAKUNA. UBORA: HAUPO.

Kwa jirani yake, mzee Chilewa, mambo yalikuwa mengine. Mizabibu ya mzee Chilewa ilikauka kitambo, akageukia mbuzi, na zizi lake alikuwa amelifunga kwa vitambaa vya bluu alivyookota baada ya mkutano wa hadhara. Mashine ikaliandika zizi lile DARAJA LA KWANZA. Mkuu wa wilaya akaja kukabidhi cheti. Beberu akakila.

Nilipoyasoma majibu yale nilijua pale pale. Mashine haikujifunza zabibu, ilijifunza utepe. Katika picha zangu zote, tofauti iliyong'aa kuliko nyingine ilikuwa kile kifundo cha bluu nilichokifunga mimi, na mashine, kwa uaminifu ambao sisi wenzake hatuna, ikakishika hicho hicho. Nikayakunja majibu yale nikayatia mfukoni.

Pangekuwa mahali pengine wangecheka, wakarudia picha. Kwetu kulikuwa na Sheria ya Shamba Tasa. Shamba ambalo Jicho litalitazama mara mbili bila kuona kitu, mizabibu yake itang'olewa, na ardhi apewe mwekezaji mwenye uwezo wa kuonekana. Shangazi alikuwa tayari na mara moja.

Akaitwa mbele ya kamati ya wilaya ajieleze. Alikuja na kapu kichwani, akalitua mezani, akapiga magoti akawaamkia wote, wakiwemo wanaoweza kuwa wajukuu zake.

"Mama, haya ni nini?" akauliza mwenyekiti.

"Zabibu, baba."

"Za wapi?"

"Za shambani kwangu. Nimezichuma leo asubuhi."

Mwenyekiti akachukua punje, akaitafuna, akatazama skrini. "Jicho linasema shamba lako halina zabibu. Sasa hizi umezitoa wapi?"

"Si nimekwambia, baba? Kwangu."

"Mama, naomba usibishane na teknolojia." Akachukua kishada kizima, akawasogezea wajumbe kapu. "Waheshimiwa, tusaidiane kulichunguza suala hili."

Wakalichunguza. Kapu lilizunguka meza, likarudi, likazunguka tena, wakasifu utamu, wakafuta vidole, mpaka vikabaki vikonyo vitupu. Ndipo mwenyekiti akatangaza kwamba mlalamikiwa ameshindwa kuwasilisha kielelezo chochote. Mimi nilikuwepo nikipiga picha za kikao. Kapu lilipopita kwangu nilichukua punje chache tu, kwa heshima. Shangazi aliniona nikitafuna, akatabasamu kama anavyotabasamu mtu akiona mtoto wake anakula vizuri. Lile tabasamu ninalo mpaka leo, na silipendi.

*

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake. Akanikaribisha, akaniwekea ugali na mlenda, akaningoja nimalize nusu sahani, ndipo akaanza.

"Ndahani, mwanangu. Wewe ndiye unayekaa na hiyo mashine. Mimi nimeikosea nini?"

"Hujaikosea kitu, shangazi."

"Basi nimewakosea wenyewe?"

"Hapana."

"Sasa mbona hainioni?"

Nilikuwa na maneno mawili matatu tu ya kusema, na yalikuwa ya kweli, nikayapita pembeni. "Shangazi, fanya hivi. Chukua tepe za bluu, ufunge kwenye vishada. Kila kishada na utepe wake. Ni utaratibu mpya."

"Kishada kimejishika chenyewe kwenye mti, mimi nikifunge? Kwani kinaanguka?"

"Ni kwa ajili ya kuonekana tu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi sijui mambo ya ofisini, baba. Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo. Zabibu zangu zikianza kuvaa ili zionekane, mwakani mtaniambia nini? Niwavalishe na kuku?"

"Shangazi, nakuomba."

"Kula, ugali unapoa."

Nilikula. Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba mzee Chilewa alikuwa nyuma ya ua akitafuta mbuzi wake, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. Wiki haikuisha, bonde lote likawa la bluu. Watu walifunga tepe kwenye mizabibu, wakafunga kwenye miiba, kwenye nguzo za umeme, kwenye mti uliopigwa na radi. Shule ya msingi ilifunga mlingoti wa bendera ikatambuliwa kama shamba la mfano. Utepe ulipopauka kwa jua mashine iliandika SUKARI IMESHUKA, basi kinamama wakawa wanauchovya rangi upya kila Ijumaa. Maji ya mfereji yakaacha kugombewa, kwani mzabibu unataka maji na utepe hautaki. Mizabibu ikanyauka kimya kimya chini ya mapambo yake, na makisio yakapanda. Waziri alihutubia taifa akawasihi wananchi wajifunze kuogelea mapema, maana mvinyo unaokuja haujawahi kutokea.

Katika bonde lote, shamba lililobaki kijani lilikuwa moja tu, la shangazi. Ukisimama mlimani ulikuwa unaliona kwa mbali. Jicho la Taifa lilikuwa linaona shimo.

*

Hatia ni kama jiwe kwenye kiatu, unaweza kutembea nalo, ila si mwendo mrefu. Nikaenda kwa Waziri. Nilikuwa nimevaa suti.

"Mheshimiwa," nikasema, "Jicho halioni zabibu. Linaona tepe."

Waziri akainuka akaufunga mlango mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida ina watumishi wake. "Tepe zipi?"

"Zile nilizofungia zabibu siku ya uzinduzi."

"Kumbe zilifungwa?"

"Mheshimiwa, lori uliliagiza wewe."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, kama daktari. "Ndugu Ndahani, siku ile Mtukufu alilia. Kitambaa alichofutia machozi kiko makumbusho ya taifa, watoto wa shule wanapelekwa kukiona. Leo unataka niwaambie watoto wale kwamba Mtukufu alililia utepe?"

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa."

"Na aliyefunga ni nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo aliyemdanganya Mtukufu ni nani?"

Nikatazama zulia. Lilikuwa zulia zuri, lenye maua. Adhabu ya kumdanganya Mtukufu kwetu haijaandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi kutusimulia ilivyo.

"Nchi hii inahitaji vijana wanaojiuliza maswali," Waziri akaendelea kwa sauti laini, "mradi wajiulize wenyewe tu." Na papo hapo akaniteua kuwa Mkurugenzi wa Ukweli wa Picha. Nilipewa ofisi yenye kiyoyozi na gari lenye pazia, na nikapewa mamlaka kisheria: hakuna shamba litakalong'olewa mpaka Mkurugenzi afike mwenyewe, atazame, na athibitishe mbele ya umma kwamba Jicho limeona sawasawa.

"Hatima ya kila shamba iko mikononi mwako," akaniambia tukiagana. "Na mikono yako, ndugu yangu, mimi naijua."

Nilishukuru. Mtasema nilinunuliwa, lakini nisikilizeni kwanza. Nilikubali kwa ajili ya shangazi. Niliwaza kwamba sasa nina neno la mwisho, na mwenye neno la mwisho atashindwaje kumwokoa mtu mmoja? Nililiwaza hilo nikiwa kwenye kiyoyozi, na kwenye kiyoyozi liliwezekana.

Hata hivyo sikukaa bure. Shangazi alipokwenda msibani kijiji cha pili, niliingia shambani kwake na mfuko wa tepe, nikafunga mstari baada ya mstari mpaka vidole vikavimba. Aliporudi alizifungua zote. Akazipiga pasi, akazikunja vizuri, akanitumia ofisini kwenye mfuko ule ule, na ujumbe kwamba nimesahau vitu vyangu.

Droni ikapita mara ya pili. HAKUNA.

*

Siku ya kung'oa, watu walijaa bondeni. Walikuwepo kwaya, ngoma, redio ya taifa, na ng'ombe wale wa josho, sijui nani aliwaalika. Tingatinga jipya la njano lilisimama mwanzo wa mstari wa kwanza, na dereva wake alikuwa kijana mpole aliyekuwa hajui aweke wapi macho.

Vishada vilikuwa vimeiva kupita kiasi, kwa sababu shangazi alikuwa amekatazwa kuvuna kitu ambacho hakipo. Nyuki walikuwa wanavuma kila mahali. Harufu tamu ya zabibu iliwafanya waheshimiwa wameze mate katikati ya wimbo wa taifa.

Waziri akahutubia. "Ndugu wananchi, kung'oa si kubomoa. Kung'oa ni kupanda kwa kurudi nyuma. Taifa halina ugomvi na mama huyu. Taifa limemtazama mara mbili, kwa gharama kubwa, halikuona kitu. Lingefanya nini zaidi?" Nyuki akatua kwenye tai yake, naye akampungia bila kukatisha sentensi. "Sasa kwa mujibu wa sheria, namwita Mkurugenzi wa Ukweli wa Picha atuthibitishie."

Nikatoka mbele. Nilikuwa nimeshika kompyuta ndogo ya mkononi yenye majibu ya Jicho. Nikaingia mstari wa kwanza hatua chache, na kabla sijafungua mdomo shangazi akatoka kwenye watu akaja kusimama mbele yangu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Ndahani," akasema, si kwa hasira, kwa sauti ile ile ya kunikaribisha ugali. "Mimi sitaki mengi. Hawa wote wanasema hawaoni. Wewe ulikua humu ndani, ukicheza kati ya mistari hii. Waambie wewe. Unaona nini?"

Mzee Chilewa alitazama miguu yake. Injinia Yolamu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa amevua koti, amelikumbatia kifuani. Waziri alinitazama, akayashusha macho yake taratibu mpaka kwenye mikono yangu, akayaacha hapo.

Neno lilikuwa moja. Zipo. Ningelisema, tingatinga lingerudi lilikotoka, na mimi ningepelekwa ambako watu hawarudi kusimulia. Kishada kilikuwa kinanigusa sikio. Kingine kilikuwa begani, baridi, kinaacha utomvu kwenye suti yangu. Nilikuwa nimesimama ndani ya zabibu, nikaona aibu ambayo sikujua kama mtu mzima anaweza kuiona na bado akaendelea kusimama.

"Shangazi," nikasema, "ngoja niangalie kwenye mashine."

Nikainua kompyuta usoni, nikajificha nyuma yake. Mwenyekiti wa kamati akaanza kuhimiza, "Sema, Mkurugenzi, sema kwa sauti, redio inasubiri." Waziri naye akasema, "Sema." Watu wakaanza kunong'ona, na nilijua kwamba nikifungua mdomo nitasema kile wanachokitaka, na nitakisema nikiwa nimemkodolea macho dada wa baba yangu.

Shangazi akaishusha ile kompyuta kwa kidole kimoja. Alinitazama kwa muda, akaniona mzima nilivyo. Kisha akageuka akawaelekea wao, akapunga mkono kama anayefukuza kuku.

"Mwacheni," akasema. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Msimtoe uongo mdomoni mbele za watu, baba yake alikuwa mtu wa heshima." Akamgeukia yule kijana kwenye tingatinga. "Endesha tu, mwanangu. Anzia hapo, mimi nimekubali."

Kijana akaendesha.

Taarifa ya wizara inasema kwamba shamba lilikuwa tasa, kwamba Mkurugenzi alithibitisha, na kwamba mwenye shamba aliridhia kwa hiari yake mwenyewe bila kushurutishwa na mtu. Hilo la mwisho ni kweli. Nimeipitisha taarifa nzima kwa sababu yake.